Mali, Mzizi na Mkabala: Historia ya Njia za Kutatua Mlinganyo wa Kipeo cha Pili

Wahenga walisema kwamba njia mbili zilimshinda fisi. Alinusa harufu ya nyama ikitokea pande zote mbili za njia panda, akataka kuzifuata zote kwa wakati mmoja, akapasuka msamba. Methali hii huwafaa sana wanafunzi wa hisabati wafikapo mbele ya mlinganyo wa kipeo cha pili, yaani mlinganyo ambao ndani yake kiasi kisichojulikana kimezidishwa kwa nafsi yake. Hao hawapewi njia mbili tu, bali nne: kutafuta vigawo, kukamilisha mraba, kutumia kanuni, na kuchora grafu. Baadhi yao hufanya kama fisi. Wengine, kwa kuogopa yaliyompata fisi, hushika njia moja na kuapa kutoiacha kamwe, hata pale inapowazungusha bure.

Huenda msomaji akauliza: walimu wa Kiswahili wana nini na milinganyo? Swali hilo ni la haki, nasi tutalijibu kwa kueleza kisa kilichotuletea fikra za makala haya.

Muhula mmoja tulishika kipindi cha mwalimu mwenzetu wa hisabati aliyekuwa mgonjwa. Msichana mmoja wa kidato cha tatu alituletea karatasi ya jaribio lake. Swali lilihusu bustani ya mraba: upande wake mmoja ukirefushwa kwa meta 10, eneo lote huwa meta za mraba 39, tafuta urefu wa upande wa mraba ule. Msichana hakuandika kanuni yoyote. Alichora mraba, akauunganisha na mstatili wa upana wa meta 10, akaukata mstatili katika vipande viwili vya meta 5, akakihamisha kimoja na kukiweka ubavuni mwa mraba. Pembeni palibaki pengo la 5 kwa 5. Akaliziba kwa 25, akapata mraba mkubwa wa eneo la 64, ambao upande wake ni 8. Akatoa 5, akabakiwa na 3. Jibu lilikuwa sahihi, lakini juu yake palikuwa na msalaba mwekundu na alama ya sifuri.

"Mwalimu," alituuliza kwa adabu, "swali limesema nitafute. Halikusema nitumie kanuni. Nimekosa nini?"

Hatukuwa na jibu la hisabati, ila tulitambua kwamba binti yule ameuliza swali la lugha. Aliuliza maana ya kitenzi. Tangu siku ile tulianza kusoma habari za jinsi milinganyo hii ilivyotatuliwa zamani, na tuliyoyakuta ndiyo tunayotaka kuwasimulia walimu wenzetu. Kwa ufupi ni haya: hakuna hata njia moja kati ya hizo iliyozaliwa ili iwe mfalme wa nyingine. Kila moja ililetwa na swali lake. Na kuchagua njia si jambo jingine ila kusoma swali.

Vibao vya udongo

Habari za kale kabisa tulizo nazo zinatoka Babeli, katika nchi ambayo leo ni Iraki. Waandishi wa huko waliandika kwa kuchoma alama katika udongo mbichi, na vibao vyao vimedumu hata leo. Kimoja chao kimehifadhiwa katika Jumba la Makumbusho la Uingereza mjini London, nacho hujulikana kwa namba BM 13901. Umri wake wapata miaka 3,800. Ni mkusanyo wa maswali juu ya miraba, na swali la kwanza lahusu mraba ambao eneo lake likijumlishwa na upande wake hupatikana robo tatu. Wababeli walihesabu kwa sitini, kama sisi tunavyofanya bado katika dakika na sekunde. Kwa hiyo robo tatu iliandikwa kuwa 45, yaani 45 za 60.

Mwandishi wa kibao hakueleza sababu. Alitoa amri tu, moja baada ya nyingine: weka moja, ivunje nusu, zidisha nusu kwa nusu upate robo, ongeza robo hiyo kwenye robo tatu upate moja, tafuta upande wake ambao ni moja, kisha toa ile nusu. Jibu ni nusu. Msomaji akijaribu ataona kwamba ni kweli: nusu kwa nusu ni robo, ukiongeza nusu ni robo tatu.

Katika miaka ya 1930 wataalamu waliosoma vibao hivi walidhani kwamba Wababeli walikuwa na aljebra ya namba tupu, isiyo na picha. Lakini kuanzia miaka ya 1980 mtaalamu wa Denmark, Jens Høyrup, aliyachunguza upya maneno yenyewe. Aligundua kwamba waandishi wale hawakuwa na kitenzi kimoja cha kujumlisha, wala kimoja cha kuzidisha. Walitofautisha kulimbikiza vitu pamoja na kukiunganisha kimoja kwa kingine. Walitofautisha kuzidisha namba na kuzifanya pande mbili zishike mstatili. Vitenzi vyao vilikuwa vya mtu anayekata, anayevunja nusu, anayehamisha na kubandika. Nyuma ya amri zile palikuwa na mchoro, na mchoro wenyewe ni ule ule: mraba, mstatili uliokatwa nusu, kipande kilichohamishwa, na pengo la pembeni lililozibwa.

Tuliposoma hayo tulisimama kidogo. Binti wa kidato cha tatu alikuwa amefanya lile lililofanywa Babeli. Na zaidi ya hayo, siri hiyo ya hisabati iligunduliwa na msomaji aliyekataa kuviona vitenzi viwili kuwa ni kimoja. Mwalimu wa lugha asijidharau.

Kutoka Alexandria hadi Bara Hindi

Yapata mwaka 300 kabla ya Kristo, katika mji wa Alexandria huko Misri, Mgiriki Euclid aliandika vitabu vyake vya jiometria. Katika kitabu cha pili mna hoja za kukata mistari na kupanga miraba ambazo leo tungeweza kuzisoma kama milinganyo ya kipeo cha pili. Lakini Euclid hakuwa akitafuta namba. Haja yake ilikuwa kuthibitisha, hatua kwa hatua, kwamba maumbo fulani yalingana kwa eneo. Mbabeli aliuliza, "Ni ngapi?" Mgiriki aliuliza, "Kwa nini?" Maswali ni mawili, na njia zikawa mbili, ijapokuwa mchoro unafanana.

Mwaka 628 mtaalamu wa nyota wa Bara Hindi, Brahmagupta, alikamilisha kitabu kikubwa ambamo alitoa kanuni ya maneno ya kutatua mlinganyo wa kipeo cha pili. Kitabu hicho kina jambo jingine la maana zaidi kwa habari yetu: sharia za kuhesabu kwa sifuri na kwa namba zilizo chini ya sifuri. Namba chanya aliziita kwa neno lenye maana ya mali, na namba hasi kwa neno lenye maana ya deni. Deni likitolewa katika sifuri huwa mali. Deni likizidishwa kwa deni huwa mali. Mchoro wa mraba hauwezi kuwa na upande wa deni, bali hesabu inaweza. Basi kwa mara ya kwanza tunaona faida ya kuuacha mchoro: namba hupata uhuru wa kwenda mahali ambapo jicho haliwezi kuzifuata.

Mali na mkabala

Sasa tufike Baghdad, katika zama za Khalifa al-Ma'mun, aliyetawala kuanzia mwaka 813 hadi 833. Huko aliishi Muhammad bin Musa al-Khwarizmi. Kitabu chake kiliitwa kitabu kifupi cha hesabu za al-jabr na al-muqabala. Neno la kwanza ndilo lililokuja kuwa aljebra duniani kote. Na jina la mwandishi mwenyewe, lilipopita katika Kilatini, likawa asili ya neno ambalo leo wataalamu wa kompyuta hulitamka kila siku, algorithi.

Msomaji wa Kiswahili akikifungua kitabu hicho hatajiona mgeni kabisa. Kiasi kilichozidishwa kwa nafsi yake, ambacho sisi huandika x², al-Khwarizmi alikiita *mal*. Ni neno letu mali. Al-muqabala ni kuviweka vitu viwili vielekeane na kuondoa vinavyolingana pande zote mbili. Sisi twasema nyumba yangu iko mkabala na yako. Al-jabr ni kurudisha kilichopunguka, kama anavyofanya muunga mifupa. Na katika Hispania ya zamani neno *algebrista* lilikuwa jina la mganga wa mifupa. Kile tuandikacho x alikiita mzizi. Mali ni tunda, na mzizi ndio uliolizaa.

Kitabu kizima hakina alama hata moja ya hisabati. Hakuna x, hakuna alama ya kujumlisha, hakuna alama ya kulingana. Hata namba zenyewe ziliandikwa kwa maneno. Ni nathari tupu. Mwandishi alisema kwamba amekitunga kwa ajili ya mahitaji ya watu katika mirathi, wasia, kugawana, mashtaka, biashara, kupima ardhi na kuchimba mifereji. Sehemu kubwa ya mwisho yahusu wasia na mafungu ya warithi. Ndugu zetu wa pwani, ambao kwao thuluthi, sudusi na thumuni si maneno ya shuleni bali ya mirathi, wangeitambua haja hiyo mara moja.

Lakini tujiulize: al-Khwarizmi alimfundishaje mwanafunzi kuchagua njia? Alianza kwa kumfundisha kusoma. Alisema kwamba kila swali la namna hii, likishasafishwa kwa jabri na mkabala, huangukia katika moja ya aina sita. Tatu ni nyepesi: mali ni sawa na mizizi, mali ni sawa na namba, mizizi ni sawa na namba. Tatu ni za mchanganyiko: mali na mizizi ni sawa na namba, mali na namba ni sawa na mizizi, mizizi na namba ni sawa na mali. Kila aina ilipewa njia yake, na zile tatu za mwisho zilipewa mchoro wa kuthibitisha. Yaani mwanafunzi hakuruhusiwa kuanza kuhesabu kabla hajatambua sentensi iliyo mbele yake ni ya aina gani.

Mfano wake wa aina ya nne ni mali na mizizi kumi kuwa sawa na thelathini na tisa: x² + 10x = 39. Gawanya mizizi nusu, upate tano. Zidisha kwa nafsi yake, upate ishirini na tano. Ongeza kwenye thelathini na tisa, upate sitini na nne. Mzizi wake ni nane. Toa tano, hubaki tatu. Kisha akachora mraba na kuziba pengo. Mfano huu ulinakiliwa kitabu baada ya kitabu kwa karne nyingi, na namba zake ndizo zilizokuwa katika jaribio la binti yetu. Mwalimu aliyeliandika labda hakujua kwamba amewapa wanafunzi wake swali la Baghdad, wala binti hakujua kwamba amelijibu kwa mkono wa Baghdad.

Mfano wa aina ya tano ni mali na ishirini na moja kuwa sawa na mizizi kumi. Hapa al-Khwarizmi alionya kwamba kuna majibu mawili, 3 na 7. Tena alionya kwamba nusu ya mizizi ikizidishwa kwa nafsi yake na kutoka ndogo kuliko ile namba, swali halina jibu. Huyo si mtu wa kukariri. Ni mtu anayemwambia mwanafunzi atazame mbele kabla ya kwenda.

Hata hivyo mchoro ulimwekea mipaka. Mlinganyo x² + 10x = 39 una jibu la pili, nalo ni hasi 13. Al-Khwarizmi hakulitaja, kwa kuwa upande wa mraba hauwi deni. Vivyo hivyo, mali ikiwa sawa na mizizi mitano, alijibu kwamba mzizi ni 5, akaacha sifuri. Mali ya sifuri si mali.

Herufi zinachukua mahali pa maneno

Mwaka 1145 Mwingereza Robert of Chester, akiwa Segovia katika Hispania, alikitafsiri kitabu hicho katika Kilatini. Aina sita zikaingia Ulaya, na kwa karne nyingi wanafunzi wa huko walizikariri moja moja. Mwaka 1544 Mjerumani Michael Stifel alionyesha kwamba ukikubali namba hasi mbele ya mizizi na mbele ya namba, aina za mchanganyiko huungana na kuwa moja. Mwaka 1557 Robert Recorde wa Wales alichapisha alama ya kulingana, mistari miwili sambamba. Mwaka 1591 Mfaransa François Viète alifanya jambo kubwa zaidi: alitumia herufi si kwa kiasi kisichojulikana tu bali hata kwa kile kinachojulikana. Irabu zilisimama mahali pa visivyojulikana, konsonanti mahali pa vinavyojulikana. Naam, hata hapa ni sarufi!

Tangu hapo iliwezekana kuandika mlinganyo mmoja unaowakilisha milinganyo yote. Katika kitabu cha Mwingereza Thomas Harriot kilichochapishwa mwaka 1631, miaka kumi baada ya kufa kwake, mlinganyo uliletwa wote upande mmoja, ukalinganishwa na sifuri, ukaonekana kuwa ni zao la vigawo vyake. Hiyo ndiyo njia ya vigawo. Mwaka 1637 Mfaransa René Descartes alitumia herufi za mwisho wa abchadi, x, y na z, kwa visivyojulikana, na za mwanzo kwa vinavyojulikana. Tena akaiunganisha aljebra na mistari iliyochorwa, jambo lililofungua mlango wa grafu. Katika mtindo huo ndimo ilimokuja kuandikwa kanuni wanayoikariri wanafunzi wetu: ikiwa ax² + bx + c = 0, basi x = (−b ± √(b² − 4ac)) ÷ 2a.

Kanuni hii ni safari yote ya nyuma iliyokunjwa ikatiwa mfukoni. Ile b iliyogawanywa kwa mbili ni mstatili uliokatwa nusu. Kile kilicho chini ya alama ya kipeuo ni mraba uliozibwa pengo. Faida yake ni kubwa, maana humtumikia hata asiyejua ilikotoka. Hasara yake ni hiyo hiyo.

Kuchagua njia leo

Basi mwanafunzi achague vipi? Sisi si walimu wa hisabati, lakini baada ya kusoma historia hii tumeona kwamba jibu la al-Khwarizmi bado linafaa: tazama sentensi kwanza.

Ikiwa mlinganyo ni x² = 49, au (x − 2)² = 9, hakuna haja ya kanuni. Tafuta kipeuo cha pili cha pande zote mbili, ukikumbuka kwamba kuna jibu chanya na hasi. Ikiwa ni x² = 5x, lete vyote upande mmoja na utoe kigawo kilicho wazi: x(x − 5) = 0. Anayekimbilia kugawanya kwa x hupoteza jibu la sifuri, kama Baghdad ilivyolipoteza.

Ikiwa ni x² − 10x + 21 = 0, tafuta namba mbili ambazo jumla yake ni 10 na zao lake 21. Ni 3 na 7, nayo yamekwisha. Ikiwa ni x² + 6x = 5, vigawo vya namba nzima havipo; lakini 6 hugawanyika nusu bila taabu, basi kamilisha mraba: ongeza 9, upate 14, na majibu ni √14 − 3 na −√14 − 3. Ikiwa ni 3x² − 7x + 1 = 0, kukata miraba kutaleta sehemu zenye kuchosha, na hapo ndipo kanuni inapostahili heshima yake. Na ikiwa namba zimetokana na vipimo, na jibu la kukadiria latosha, grafu huonyesha kwa jicho moja majibu yako wapi, au kwamba hayapo.

Mwanafunzi mwenye shaka ana kipimo cha kumwongoza. Akokotoe kwanza b² − 4ac. Kwa x² − 10x + 21 = 0, atapata 16, ambayo ni mraba kamili; ajue kwamba vigawo vipo. Kwa 3x² − 7x + 1 = 0, atapata 37, ambayo si mraba kamili; asipoteze wakati kuvitafuta. Akipata namba hasi, ajue kwamba hakuna jibu miongoni mwa namba halisi. Hili ndilo onyo la Baghdad kwa mavazi mapya.

Wala mtu asidhani kwamba kanuni haikosei mkononi mwa mwenye haraka. Tuchukue x² − 200x + 1 = 0. Kanuni yatupa 100 ± √9999. Mtu mwenye majedwali ya tarakimu nne, kama yale tuliyotumia shuleni, ataandika kwamba kipeuo hicho ni 99.99, na jibu dogo litatoka 0.01. Jibu la kweli ni 0.005 hivi, amekosea mara mbili nzima! Lakini akikumbuka kwamba zao la majibu mawili ni 1, atagawanya 1 kwa jibu kubwa, ambalo ni 199.99, na kupata 0.005 bila wasiwasi. Kanuni haikubadilika. Aliyebadilika ni msomaji.

Mwaka 2019 profesa wa hisabati wa Marekani, Po-Shen Loh wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, alieneza njia rahisi ya kufundishia milinganyo hii. Majibu mawili yako umbali sawa kutoka kwenye wastani wao. Kwa x² + 10x − 39 = 0, jumla ya majibu ni hasi 10, basi wastani ni hasi 5; moja ni −5 + u na la pili ni −5 − u. Zao lao ni 25 − u², nalo lazima liwe hasi 39. Basi u² ni 64, na u ni 8. Majibu ni 3 na hasi 13. Watu wengi waliipokea kama habari mpya, ingawa profesa mwenyewe alieleza kwamba vipande vyake ni vya zamani, vya Babeli na vya Viète. Hivyo ndivyo elimu iendavyo: mara nyingi kipya ni kile cha kale kilichosomwa vizuri.

Wajibu wa mwalimu wa lugha

Huku kwetu Uganda, hisabati ya sekondari hufundishwa kwa Kiingereza, na hata Tanzania, ambako Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia shule za msingi mwaka 1967, sekondari imebaki katika Kiingereza. Hatukusudii kufungua mjadala huo hapa. Lakini tumeona kwa macho yetu wanafunzi wengi wakishindwa na swali kabla ya kushindwa na hesabu. Hawajui kama "ikirefushwa kwa meta 10" ni sawa na "ikirefushwa hadi meta 10". Hawatofautishi "zao" na "jumla". Kijikiunganishi kidogo huwatupa shimoni, nao hudhani kwamba hawana akili ya namba.

Twapendekeza basi kwamba walimu wa Kiswahili washirikiane na wenzao wa hisabati. Katika zoezi la ufahamu, badala ya kuchukua kila mara habari ya sungura na fisi, tuchukue mara moja moja swali la shamba, la mirathi, au la bei ya bidhaa, na tuwaulize wanafunzi: ni kipi kinachojulikana? Ni kipi kisichojulikana? Kitenzi chaamuru nini? Tuwape pia mlinganyo uliokwisha andikwa, x² + 10x = 39, nao waueleze kwa sentensi kamili za Kiswahili, kama al-Khwarizmi alivyoeleza kwa Kiarabu. Anayeweza kuusema mlinganyo kwa maneno yake mwenyewe hatababaika sana atakapotakiwa kuuchagulia njia.

Tumalizie kwa kisa tulichoanza nacho. Mwalimu mwenzetu aliporudi kazini tulimpelekea karatasi ya binti. Aliitazama kwa muda mrefu. Alitueleza kwamba darasa lake lina wanafunzi zaidi ya themanini, na kwamba mtihani wa mwisho hauwasubiri wanaochora. Kanuni ndiyo inayowaokoa wengi. Hatukuweza kumlaumu, kwa maana asemayo ni kweli. Alama nayo haikurudishwa, kwani ripoti zilikwisha pelekwa kwa wazazi, na jambo hilo lilitusikitisha, tena latusikitisha hata leo. Binti alipoambiwa kwamba njia yake ilikuwa ya haki, aliitika, "Asante, mwalimu," akaikunja karatasi yake akaenda zake.

Lakini jaribio la muhula uliofuata liliandikwa kwa namna nyingine. Pale mwalimu alipotaka kanuni, aliandika wazi kwamba itumike kanuni. Pale asipoitaka, aliandika: kwa njia yoyote.